Lebo inasema kwa Kifaransa "si dawa", muuzaji anasema kwa Kiswahili "acha dawa"

Ndugu zangu wa Bukavu na wa kwingineko,

Nimekaa na hasira hii wiki tatu kabla ya kuiandika, kwa sababu nilitaka kwanza mgonjwa wetu atoke hospitalini. Mama mkubwa, aliyenilea tangu utoto na ambaye huuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, alilipishwa dola 140 kwa makopo matatu na pakiti ya chai, vyote vikiitwa virutubisho vya tumbo, na ushauri uliofuatana navyo nusura umtoe roho.

Alikuwa akisumbuliwa na kiungulia na maumivu juu ya kitovu, na kituo cha afya kilikuwa kimempa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Jirani akamwalika kwenye mkutano katika ukumbi mmoja huko Ibanda, ambako kijana aliyevaa koti jeupe, na ambaye baadaye nilithibitisha kwamba si daktari wala muuguzi, alimpa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta aishike mkononi. Baada ya dakika moja mashine ikatoa kurasa nzima za "matokeo" kuhusu ini, kongosho na utumbo. Hakupimwa damu wala choo, na hakuulizwa hata swali moja kuhusu dawa anazomeza. Laiti angeulizwa, angesema kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akinywa ibuprofen, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda tumboni, kwa ajili ya magoti, na mtu yeyote aliyesomea kazi hiyo angeshtuka papo hapo. Badala yake aliambiwa aache "vidonge vya wazungu" kwa kuwa vinazuia virutubisho kufanya kazi.

Sisemi kwamba virutubisho vyote ni utapeli, na naomba nisijibiwe kana kwamba nimesema hivyo. Unga wa nyuzinyuzi humsaidia mwenye choo kigumu, mradi aunywe na maji mengi. Hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, ambayo Mfaransa Henri Boulard aliigundua mwaka 1923 huko Indochina, imeonekana kupunguza kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Lakini faida ya namna hiyo ni ya aina fulani, kwa kiasi fulani, kwa tatizo fulani. Kopo la mama mkubwa liliandikwa tu "bakteria hai bilioni 10", bila kutaja hata jina la bakteria mmoja, nalo lilikuwa limepangwa juu ya meza kwenye baraza, juani, siku nzima. Sijui walitarajia nini kibaki hai humo. Kuhusu kopo la vimeng'enya, vitu vinavyosaga chakula tumboni, sitapoteza muda: huwafaa wale ambao kongosho lao halitoi vya kutosha, na hakuna aliyelipima la kwake. Na huo unga wa nyuzinyuzi wa dola 30 aliuziwa mwanamke anayekula maharagwe karibu kila siku, wakati kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Kilichonikera zaidi ni ile chai ya "kusafisha utumbo". Nilipoisoma pakiti nikakuta ni majani ya séné, ambayo watu wa pwani huyaita sanamaki, yaani dawa ya kumfanya mtu aharishe, inayoulazimisha utumbo mpana kujikaza. Haifai kutumiwa zaidi ya wiki moja hivi bila ushauri wa daktari, kwa kuwa mwili hupoteza maji na potasiamu. Yeye aliinywa wiki tano. Kila alipolalamika kwamba anaharisha na miguu haina nguvu, alijibiwa kwamba uchafu unatoka. Choo kilipokuwa cheusi kama lami, akapiga simu tena, naye kijana yule akamwambia afurahi, kwa maana sasa ndiyo sumu yenyewe inatoka.

Ilikuwa damu. Alianguka sokoni, akaongezewa damu chupa mbili, na kamera iliyopitishwa kooni ikaonyesha kidonda tumboni. Kipimo cha choo kilionyesha pia Helicobacter pylori, bakteria ambaye Marshall na Warren wa Australia walimhusisha na vidonda vya tumbo katika miaka ya 1980, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Matibabu yake ni antibiotiki pamoja na dawa ya aina ileile ya omeprazole aliyoamriwa kuiacha. Sidai kwamba makopo yale ndiyo yaliyoleta kidonda. Ninadai kwamba yalimwibia wiki tano za tiba.

Na haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye kopo! Kwa herufi ndogo, kwa Kifaransa, linasema kwamba bidhaa hii si dawa na haichukui nafasi ya chakula cha kawaida. Kampuni haziandiki hivyo kwa ukarimu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 huruhusu virutubisho viuzwe bila kuidhinishwa kwanza, lakini anayedai kwamba vinausaidia mwili lazima aandike kwamba havikusudiwi kutibu ugonjwa. Na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linakataza lebo kudai kwamba vinaponya. Basi muuzaji, anayekisoma Kifaransa vizuri kuliko mimi, akasimama mbele ya akina mama wa soko na kuwaambia kinyume chake kwa Kiswahili.

Nimemwandikia mara nne nikidai dola 140 na kumtaka aisome lebo ile kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya huku kwetu, katika mkutano wake ujao. Mara tatu hakujibu. Mara ya nne alinipa pole, akasema kopo lililofunguliwa halirudishwi, kisha akaniahidi punguzo la asilimia 10 kwa kopo jipya la kuongeza damu.