Mpiga gitaa gani hamchoki kumsikiliza?

Swali: Ndugu zangu, naomba mnitajie mpiga gitaa mnayempenda na sababu zenu. Mimi namtanguliza Mbaraka Mwinshehe, kwa kuwa gitaa lake la solo, tangu bendi ya Morogoro Jazz hadi ile ya Super Volcano, liliitikia uimbaji wake mwenyewe kana kwamba watu wawili wanazungumza.

Jibu: Kwangu ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Kwa kidole gumba na cha shahada tu, alishika besi na kucharaza nyuzi za juu kwa wakati mmoja, huku akiimba Kiswahili. Mara nyingi mimi husikiliza na kulifuatilia gumba lake peke yake.

Jibu: Mbaraka nakubali kabisa, ila tusimsahau Nico Kasanda wa bendi ya African Jazz ya Kongo, aliyewafungulia njia wapiga solo wengi wa rumba.