Rangi ya makubadhi yangu inachuja miguuni, na viatu vya swedi vya marehemu baba vimepauka

Binti wa Tanga aliuliza:

Assalamu alaykum na habari za jioni, ndugu zangu mafundi. Huu ni mwaka wa nne nashona makubadhi na mikoba hapa Tanga. Natumia ngozi ya ng'ombe inayonifikia bila kupakwa chochote, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiipaka mafuta kidogo na kuiuza hivyo hivyo. Siku hizi wateja wa arusi wanataka nyeusi na nyekundu iliyoiva. Nilinunua sokoni rangi ya unga, ile wanayotumia wasusi wa mikeka kutia ukili rangi, nikaichemsha na kuzamisha kanda maji yakiwa bado yanatokota. Zote zilijikunja na kukauka ngumu kama kuni. Mara ya pili nikapaka rangi ikiwa vuguvugu, zikapendeza, lakini bwana mmoja alizivaa arusini, akatokwa na jasho, miguu ikawa myeusi na pindo la kanzu yake likaingia doa lisilotoka. Nilimrudishia fedha zake zote, ila jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nataka kazi yangu iaminike.

La pili ni viatu vya swedi, ile ngozi laini yenye vinyweleo, vya marehemu baba yangu. Vilikuwa vya kahawia iliyokolea, sasa vimepauka kwa jua. Kaka yangu angependa kuvivaa. Je, vinaweza kurudishiwa rangi bila kupoteza ule ulaini wake?

Fundi wa Gikomba alijibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa hasara. Kabla ya rangi yenyewe, itambue kwanza ngozi yako, maana rangi ileile hukolea kwenye ngozi moja na kukataa kwenye nyingine. Kata kipande na utazame ukingo wake. Ukiwa wa kahawia mpaka ndani, ngozi hiyo imetengenezwa kwa magome, yaani kwa tanini, ile dawa ya kutengenezea ngozi inayopatikana kwenye magome ya miti kama miwati inayolimwa Njombe, au mikoko ambayo magome yake yalitumika sana zamani huku Pwani. Ukiona ndani kuna rangi ya kijivu inayoelekea buluu au kijani, hiyo ni ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kiwandani kwa chumvi za madini ya kromu. Kwa maelezo yako nadhani yako ni ya magome, kwa sababu ngozi ya namna hiyo ikiwa imelowa huanza kujikunja kwenye joto la nyuzi 70 hadi 85 hivi, wakati ya kromu iliyotengenezwa vizuri huweza kustahimili maji yanayokaribia kuchemka. Kwa hiyo kilichoharibu zile kanda za kwanza ni moto wa maji.

Kwa rangi nyeusi, ngozi ya magome haihitaji hata rangi ya dukani. Chukua misumari ya chuma tupu isiyopakwa zinki, iloweke katika siki nyeupe kwa wiki moja au mbili, na mfuniko usiubane, kwa sababu chuma kikiliwa na siki hutoa gesi. Chuja maji hayo kwa kitambaa, safisha ngozi kwa sabuni ili mafuta yatoke, kisha paka. Mwanzoni utaona kijivu, na baada ya dakika chache weusi utaiva mbele ya macho yako, kwa kuwa chuma kimekutana na tanini iliyomo ndani ya ngozi. Weusi huo umezaliwa ndani ya ngozi yenyewe, ndiyo maana hauchuji kama unga uliokaa juu. Ukimaliza, ipitishe katika maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kuokea kwa lita, isuuze, ikaushe kivulini na uipake mafuta ingali na unyevu kidogo. Ngozi ya kromu haitakubali njia hii mpaka kwanza uiloweke katika chai ya rangi iliyokolea sana.

Mtia Rangi wa Morogoro alijibu:

Nakubaliana na mzee wangu wa Gikomba kuhusu joto, ila kwenye siki na chuma naomba niongeze tahadhari, kwani nimeona mikanda iliyopakwa maji hayo yakiwa makali mno ikianza kupasuka baada ya muda. Chuma kikizidi hula ngozi polepole. Yazimue, ujaribu kwenye kipande, na hatua ile ya soda na kusuuza usiiruke hata kama una haraka.

Kuhusu nyekundu, dada, tafuta rangi ya ngozi ya maji maji iliyoyeyushwa kwa spiriti, na uache kabisa rangi za batiki, kwa sababu nyingi huchanganywa na kostiki soda, na ngozi haivumilii kemikali za namna hiyo. Unga usioandikwa ni wa aina gani pia hauufai mguu wa mtu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umepiga marufuku katika bidhaa za ngozi zinazogusa mwili rangi za azo (kundi la rangi za viwandani) zinazoweza kutoa amini fulani, yaani kemikali zenye kusababisha saratani, kwa zaidi ya miligramu 30 kwa kilo, na pakiti isiyo na maelezo haikuambii lolote juu ya hilo.

Kabla ya kupaka, dondoshea ngozi tone la maji: likinywewa, endelea, likisimama juu, kuna mafuta au vanishi inayopaswa kuondolewa. Paka kwa sponji mara mbili au tatu, kila mara nyembamba, ukiacha ikauke katikati. Ikishakauka usiku mzima, isugue kwa kitambaa cheupe kikavu mpaka kitambaa kitoke safi. Mafundi wengi wanachoka mapema hapa, na rangi waliyoiacha juu ndiyo inayoishia kwenye kanzu za watu. Kisha funga kwa vanishi ya akriliki ya ngozi, au kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, ingawa nta pekee haizuii jasho vizuri. Na upande wa ndani wa kanda, unaogusa unyayo, mimi siupaki rangi kamwe.

Binti wa Tanga aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekata kipande, na ukingo ni wa kahawia mpaka ndani, kwa hiyo ni ya magome kama alivyosema mzee. Misumari nimeshailoweka leo. Nilikuwa napaka rangi ndani na nje, sikuwahi kufikiria kuacha upande wa unyayo. Na vile viatu vya baba?

Fundi wa Gikomba alijibu:

Vinarudishika, dada, ila jua kwamba rangi huongeza giza tu, haipunguzi. Chagua kahawia iliyo sawa na ile ya zamani au iliyoizidi kidogo. Swedi ni ngozi iliyokwaruzwa ikaota vinyweleo, mara nyingi upande wa nyama, kwa hiyo hunywa rangi upesi na kwa wingi. Usitumie Kiwi wala nta, wala rangi nzito ya kufunika, kwa sababu hizo hugandisha vinyweleo na kiatu kinabaki kama kimepakwa uji.

Toa vumbi kwa brashi kavu, penye mng'aro wa uchakavu sugua taratibu kwa msasa laini, kisha ziba soli kwa utepe wa karatasi. Jaza kiatu karatasi nyeupe, wala si gazeti, maana spiriti huweza kuhamisha wino wake. Jaribu rangi chini ya ulimi wa kiatu kwanza. Paka kwa brashi ndogo ukienda upande mmoja, halafu urudi upande wa pili ili mizizi ya vinyweleo ifikiwe, na ikianza kukauka ipige brashi vinyweleo visishikamane. Vikae kivulini siku nzima kabla ya mkono wa pili. Uzi wa mshono ukiwa wa poliesta utabaki na rangi yake ya zamani. Mimi ningeuacha hivyo, kwa kuwa baba yako aliuona hivyo hivyo.