Tupeane uzoefu: kapeti la kufulika nyumbani, wenye watoto na paka/mbwa hapa Dodoma mnatumia lipi?

Mama Wawili Kisasa
Habari za jioni wadau. Tumehamia nyumba ya marumaru chini na baridi ya mwezi wa 6 mnaijua, mdogo ndo anatambaa, wa kwanza ana miaka minne, afu kuna paka na mbwa wa nje anayejiona wa ndani. Nataka kapeti la sebuleni ambalo naweza kulifua mwenyewe hapahapa, sio la kubeba kwenye bajaji kila likichafuka. Madukani kila muuzaji anakwambia "dada hili linafulika", ukimuuliza linafuliwaje anaanza kukuonyesha rangi nyingine. Mnaoishi huku kwenye vumbi na maji ya mgao, mmechukua la aina gani, limekaaje?

Nianze mimi. Nyumba tuliyotoka lilikuwepo la manyoya marefu rangi ya maziwa. Mtoto akapewa ubuyu na jirani, ule mwekundu, anamung'unya anatema kokwa palepale alipokaa. Kokwa zikazama kwenye manyoya na ile sukari yake zikagandamana, nilikuwa nazitoa moja moja kwa kibanio cha nywele. Zilitoka. Rangi haikutoka, limebaki na duara la pinki katikati utafikiri limechorwa makusudi.

Upepo wa Ilazo
Karibu dada. Dodoma usitazame rangi kabla hujalipiga kofi, namaanisha hivyo kabisa, dukani lipige kofi uone manyoya yanafunguka mpaka wapi. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 hapa vumbi linapita hata dirisha likiwa limefungwa, sasa manyoya marefu yanalimeza, juu unaona pasafi tu kumbe mtoto akirukaruka linapanda lote.

Mimi natumia la pamba lililosukwa bapa, halina manyoya kabisa na pande zote mbili ziko sawa, upande huu ukichoka nageuza. Nalifua kwenye beseni kubwa kwa miguu. Ubaya wake pamba inanyonya, likilowa kulinyanyua kazi, na lilivyofuliwa mara ya kwanza lilisinyaa kidogo kwahiyo chukua lililozidi kidogo kipimo chako. Pia kwenye marumaru linateleza balaa, weka ile raba ya matundu matundu chini usije ukamdondosha bibi.

Baba T
Naona madukani kila mtu anasema "linaingia kwenye mashine". Pigeni hesabu kwanza jamani. Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Kapeti la sentimita 160 kwa 230 ni karibu mita za mraba 3.7. Kama lebo imeandika gramu 1,000 kwa mita ya mraba hiyo ni kilo 3.7, mashine ya kilo 7 inalimudu. Likiwa la gramu 2,000 ushafika kilo 7.4 kabla hata ya maji, hapo unaua mashine. Na hata kama kilo zinaruhusu linaweza kujaa mule ndani likakosa pa kujigeuza, unalitoa katikati bado kuna sabuni.

Mimi nyumbani kuna lile la vipande viwili, chini raba nene inabaki sakafuni, juu kitambaa chembamba, vinashikana kwa ule mkanda wa viatu vya watoto unaolia kraaa ukibandua. Juisi ikimwagika nabandua cha juu tu naingiza mashineni maji ya baridi au nyuzi 30. Maji ya moto achana nayo kwa kapeti lolote lenye raba mgongoni, raba inaanza kupukutika vipande vipande unafagia kila asubuhi hujui vinatoka wapi. Huku sikuyaona, ndugu yangu alinichukulia Kariakoo.

paka_watatu
Mmeongea yote mmeruka penyewe. MKOJO WA PAKA.

Ukifua kwa sabuni ya unga leo harufu inaisha unashukuru Mungu, afu mvua za mwezi wa 12 zikianza hewa ikipata unyevu inarudi upya na wewe unaanza kumgombeza paka hana hatia. Ni kwamba mkojo wa paka una asidi ya uriki, ikikauka inaacha chembechembe ambazo maji na sabuni havizimalizi vizuri. Zinavunjwa na dawa zenye vimeng'enya, soma lebo, uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo na wanyama wa nyumbani. Ukikosa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu inasaidia harufu kwa kiasi chake. Na usisugue! Chukua taulo kuukuu kandamiza, panda juu usimame kabisa, badilisha upande, rudia mpaka taulo litoke kavu ndo uanze kuweka dawa.

Jiki HAPANA. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoka hewa ya kubana kifua na hapo mtoto anatambaa hatua mbili kutoka ulipo. Wala usimwage siki afu ukaongezea jiki juu, hiyo nayo inatoa klorini, ni sumu.

Kwa wenye paka, aina ya polipropilini, yaani uzi wa plastiki, mimi ndo naipendelea, uzi wenyewe haunyonyi maji kwahiyo madoa mengi yanatoka. Ila mkojo unapita katikati ya nyuzi unakwenda chini, ndo maana lazima liwe kapeti unaloweza kulinyanyua peke yako likiwa limelowa, na chini yake usiweke sponji, sponji ikishakunywa mkojo ni ya kutupa. Angalia pia nyuzi zisiwe za vitanzi, kucha ya paka ikinasa kwenye kitanzi kimoja anavuta mstari mzima. La katani ni zuri kwa macho lakini likipata maji linabaki na alama na paka anaona umemnunulia kifaa cha kunolea kucha.

Mama Wawili Kisasa
Duh vitanzi sikuwaza kabisa. Kuna moja nililipenda Majengo ni vitanzi vitupu, nalifuta kichwani.

Upepo wa Ilazo
@paka_watatu nyongeza, hiyo polipropilini inaogopa moto, inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Wifi yangu alipitisha jiko la mkaa sebuleni wakati wa baridi, cheche moja ikadondoka, tundu jeusi gumu pembeni yake panakwaruza. Watu wa kuota moto ndani mjue.

Kijana wa Area C
Wakuu mimi ndo nayafua hayo makapeti yenu, nipo sehemu ya kuoshea magari na mwisho wa wiki makapeti yanakuwa mengi kuliko gari. Niwaambie tu tunayoona.

Kwanza mtu analeta kapeti halijakung'utwa. Udongo wetu huu mwekundu ukilowa unakuwa tope, tunamwaga ndoo za maji kutoa kitu ambacho fimbo ingekitoa bure. Litundike ukutani, piga mgongo wake, vumbi lidondoke, ndo ulilete au ulifue. Tope likiingia na viatu pia acha likauke kwanza, ulipige brashi, usikimbilie maji.

Pili maji ya visima vingi huku yana chumvi, sabuni haitoi povu, mtu anaona haijatosha anaongeza, anaongeza tena. Sabuni yote hiyo haisuuziki inabaki ndani, kapeti linakauka kama ng'onda na baada ya wiki limechafuka kuliko mwanzo kwasababu ile sabuni inanasa uchafu. Tumia sabuni ya maji, kidogo, suuza mara nyingi. Kama unakinga maji ya mvua yatunzie suuza ya mwisho utaona tofauti kwa mkono. Na ukileta kwetu mwambie kijana asisogeze presha karibu, inafumua gundi ya mgongo hasa haya mepesi ya bei ya chini.

Kukausha huku hatuna shida, jua na upepo vipo. Lenye raba weka kivulini penye upepo, jua kali linaipasua raba. Lisilo na raba ligeuze rangi iangalie chini isipauke. Msitundike kwenye michongoma nawaomba.

Mwalimu wa Mpwapwa
Nyie pambaneni na makapeti, mimi mtoto wangu ana pumu, tangu tuyaondoe kwetu ni mkeka wa plastiki basi. Juzi bakuli zima la mlenda wa karanga limepinduka, mlenda mnaujua ukisema uufute unakufuata, nimeukusanya na mwiko, nikapitisha tambara la maji ya sabuni, watu wakaendelea kula. Nambieni lipi kati ya hayo ya vipande viwili linavumilia mlenda wa karanga na mafuta yake.

Baba T
😂 Mwalimu hapo umetupiga. Ila mkeka asubuhi ya mwezi wa 7 mtoto akalale tumbo juu yake?

Mwalimu wa Mpwapwa
Anavaa sweta.

Shangazi Manyoni
Mbwa wa ndani hamjamgusa. Viroboto wanataga juu ya mbwa, mayai yanadondoka kwenye kapeti, yanaanguliwa mabuu, na buu likishajifunga kwenye kifukofuko linaweza kukaa humo miezi likisubiri joto na mtikisiko wa watu. Kwahiyo unafua kapeti leo unashangaa wiki ijayo mtoto ana vipele miguuni. Mtibu mbwa na paka kwa pamoja kwa dawa ya daktari wa mifugo, na mwambie wazi una paka, zipo dawa za mbwa zenye pemethrini zinazoua paka. Kapeti ufue siku hiyohiyo, na chini ya sofa ufagie. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usipulize kwenye kapeti analotambaa mtoto, najua watu wanafanya.

Mama Wawili Kisasa
Asanteni sana jamani. Naona badala ya moja kubwa nachukua mawili ya 120 kwa 160, bapa, polipropilini, yenye michoro ya rangi ya udongo udongo ili vumbi lisinitie aibu wageni wakija, moja likiwa kambani lingine lipo chini. Mbwa anarudi nje, hilo halina mjadala. Baba T na hilo la vipande viwili nalitamani la chumba cha watoto, huyo ndugu yako bado yuko Dar?

Baba T
Yupo dada. Pima chumba kwa futikamba, toa nafasi ya kitanda na mlango unapofungukia, nitumie kwa sentimita. Na uniambie mashine yako ya kilo ngapi kabla hajaingia sokoni.