Mrejesho: chakula cha kushibisha wakati wa kupunguza uzito

Niliuliza nile nini nishibe huku nikipunguza uzito. Ahsanteni, ushauri wa maharage umefaa. Sahani sasa ni hivi: nusu mchicha au kabichi, robo maharage, robo ugali wa dona usiozidi ngumi. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, gesi hupungua.

Kinachoharibu hasa ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, vinafika vinne bila kujua. Pimeni kwa kijiko, jamani! Tui zito nalo ni mafuta.

Viazi mviringo msiviogope: katika utafiti wa Sydney wa 1995, vya kuchemsha viliongoza vyakula 38 kwa kushibisha. Chipsi ni habari nyingine.