Eti kiti cha rubani wa pili nimekila? Hili la jana silimezi

Ndugu wanajukwaa, naandika huku mikono ikinitetemeka. Yule bwana mnamfahamu, sina haja ya kumtaja. Ni yuleyule ambaye tangu tumjue hajatuonyesha modeli hata moja aliyoimaliza, lakini hakuna modeli ya mwenzake iliyowahi kusalimika mbele yake.

Jana saa tano usiku niliweka kwenye kundi letu picha za modeli yangu ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1/48, ambayo paa lake linafunguka ili ndani yote ionekane, kazi iliyonichukua miezi kumi na minne. Hazikupita dakika tatu akairudisha picha yangu ikiwa na duara jekundu upande wa kulia wa chumba cha rubani, na chini yake ameandika: "Fundi, kiti cha rubani wa pili umekila?" Watu wakacheka. Watu niliowaazima brashi zangu wakacheka hadi simu ikakaribia kuungua mkononi.

Kiti cha rubani wa pili! Mwaka 1942 Waingereza waliacha kupeleka marubani wawili katika ndege moja ya mabomu, kwa kuwa marubani hawakutosha, na mahali pale pa kulia akawekwa fundi injini wa kuangalia mafuta, mageji na mashine nne za Merlin, na kumsaidia rubani kusukuma vishikio vya injini ndege inaporuka. Walikuwa watu saba: rubani, fundi injini, mwongoza njia, mtu wa redio, mlenga mabomu, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Rubani ni mmoja tu. Fundi injini alipewa kiti cha kukunja, kwa sababu papo hapo alipokaa ndipo mlenga mabomu alipopita kushuka puani mwa ndege. Ukipachika pale kiti cha kudumu, umemzibia mwenzako njia.

Kiti hicho cha kukunja nimekitengeneza kwa mkono, kwa bati jembamba la kopo, chini ya lenzi, mara nne, kwa sababu vile vitatu vya kwanza vilirukia zulia na hadi leo sijavipata. Na mkiitazama vizuri ile picha mtaona kwamba kiti kimo ndani ya duara lake jekundu, katikati kabisa, kimekunjwa! Amekizungushia rangi kiti changu kisha akauliza kiko wapi!

Najua alikoyatoa. Ameona picha za PA474, Lancaster ya Uingereza inayoruka hadi leo, ambayo hurushwa na marubani wawili waliokaa bega kwa bega. Lakini ndege hiyo ilitoka kiwandani mwaka 1945, haikudondosha bomu hata moja vitani, na inatunzwa ili iendelee kuruka salama. Huo ndio mtego wa kazi hii yetu: ndege uionayo leo si lazima iwe kama ilivyokuwa vitani. Nilikwenda makumbusho ya Hendon, London, kuitazama Lancaster R5868, iliyofanya safari zaidi ya 100 za vita, nikazunguka chini yake kutwa nzima. Nikaenda makumbusho ya East Kirkby, hukohuko Uingereza, nikaingia ndani ya Lancaster nyingine, NX611, nikaivuka kwa magoti ile boriti kuu ya mabawa inayokatiza njia, nikaelewa kwa mwili wangu jinsi mtu mwenye buti na koti zito alivyohangaika kuivuka gizani. Hata hivyo NX611 nayo ilitumikia Jeshi la Majini la Ufaransa baada ya vita, kwa hiyo kila kisanduku na kila waya nilioupiga picha nilirudi nao nyumbani kuulinganisha na picha za wakati wa vita, na kisipokuwamo, sikiweki.

Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walikufa watu 55,573. Siwezi kumkalisha ndani ya ndege yao mtu ambaye hakuwamo, ili kumridhisha bwana mwenye kalamu nyekundu.

Gundi na Wembe: Pole sana mkuu, ila nawe una lako. Kiti kina ukubwa wa punje ya mchele, kimekunjwa, na picha umeipiga gizani. Hata mimi nilidhani ni tone la gundi.

Mzee wa Rivet: Mleta uzi, usiape sana. Rubani mgeni alipelekwa kwanza safari moja na wenyeji ili aone vita ilivyo, kabla ya kukabidhiwa ndege yake. Huyo aliwahi kuwa mtu wa nane.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Huyo alikuwa mtazamaji, hakuwa na kiti chake wala usukani. Duara lile liliuliza kiti!

Mama Rangi: Afadhali wewe umeulizwa kiti. Mimi bwana huyohuyo aliniambia redio yangu ni duka la peremende, kwa sababu vifundo vya T1154, redio ya kurushia ujumbe ya Lancaster, nimevipaka nyekundu, manjano na buluu. Ndivyo vilivyokuwa! Nilijifungia bafuni nikalia.

Gundi na Wembe: Bafuni umenikumbusha choo cha Elsan. Wengi hukisahau, na wanaokikumbuka hukiweka karibu na mtu wa redio. Kilikuwa nyuma kabisa, kuelekea mkiani. Mtu wa redio alikuwa na bomba la hewa ya moto pembeni yake, akiiva peke yake huku wenzake wakiganda. Mngemwekea na choo?

Saba Mbili: Ninyi wa Lancaster mna nafuu. Mimi wa B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, kila siku naambiwa nipake kijani ndani kote, wakati sehemu kubwa ya kiwiliwili nyuma ya chumba cha marubani iliachwa bati tupu. Nimegombana na watu watatu mwezi huu. Na B-17 ndiyo yenye marubani wawili, labda bwana wenu amechanganya.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye duara. Kiti kimo ndani ya duara!

Mama Rangi: Saba Mbili, hilo bati tupu unalipaka rangi ya fedha au unabandika karatasi ya aluminiamu? Yangu inakunjamana kwenye mbavu kila nikijaribu.

Saba Mbili: Karatasi, dada. Ipashe joto kidogo kwanza, kisha ikandamize kwa kijiti cha meno kuanzia katikati ya ubavu kwenda pembeni. Nitaweka picha jioni.