Nimeazimwa mashine ya rangi isiyotumia upepo, nianzie wapi?

Randa Butu ameuliza:

Wakuu, salaam.

Mimi ni seremala. Rangi na vanishi nimezoea kupiga kwa brashi, na kazi ikitaka uso laini natumia bunduki ndogo ya upepo, ile yenye kikombe juu, pamoja na kompresa. Sasa nimepata kazi ya milango mingi na fremu zake. Jamaa ameniazima mashine kubwa isiyo na kompresa: inafyonza rangi yenyewe kutoka kwenye ndoo na kuisukuma kwa mpira mrefu mpaka kwenye bunduki. Kitabu chake kimepotea, na mwenyewe kasafiri.

Naomba mnisaidie haya:

Presha niweke ngapi? Geji yake inafika mbali sana kuliko nilivyozoea kwenye kompresa.

Nozo niliyokuta imeandikwa 517. Itafaa milango?

Nozo ikiziba katikati ya kazi nifanyeje? Kwenye ya upepo huwa naziba mbele kwa kidole juu ya kitambaa, navuta triga kidogo, hewa inarudi kikombeni na uchafu unatoka. Na hii ni hivyo hivyo?

La mwisho, nitapulizia chumbani, kuna mlango mmoja na dirisha moja. Rangi ni ya mafuta, ya kuchanganya na thina.

---

Kijana wa Upepo:

Mkuu usiwaze sana, bunduki ni bunduki. Presha pandisha juu umalize mapema. Ikiziba fanya kama ulivyozoea. Dirisha fungua, vaa barakoa ya vumbi, kazi iendelee.

---

Msasa 320:

Randa Butu, kabla hujachomeka hiyo mashine kwenye umeme: la kidole lifute kabisa kichwani. Kijana wa Upepo, samahani, lakini hapo umemwelekeza mwenzako hospitali.

Bunduki yako ya upepo inafanya kazi na bar 2 hivi. Hiyo uliyoazimwa inaweza kufika bar 200 na zaidi, yaani kama PSI 3,000. Rangi inayotoka kwenye tundu la nozo kwa nguvu hiyo hukata ngozi na kuingia ndani ya mkono. Glovu haizuii, kitambaa hakizuii. Na ubaya wake ni huu: nje unaona kitundu kidogo kama cha sindano, pengine hata maumivu si makali mwanzoni, mtu anafunga plasta anaendelea na kazi. Ndani, rangi na thina zimeshasafiri kando ya mishipa ya kidole, nyama inaanza kufa. Kuna waliokatwa vidole kwa sababu walisubiri mpaka kesho yake. Rangi ya thina ni mbaya zaidi kuliko ya maji kwa jambo hili.

Kwa hiyo likitokea, usikamue, usisubiri uvimbe. Nenda hospitali muda huo huo, mwambie daktari wazi kwamba rangi imeingia mwilini kwa presha kubwa na unahitaji daktari wa upasuaji. Beba kopo la rangi au lipige picha, kwa sababu atataka kujua kilichoingia ni nini. Usipomwambia anaweza kukusafishia kidonda na kukurudisha nyumbani, maana kwa macho ni jeraha dogo tu.

Sasa tuje kwenye kuziba. Nozo ya mashine hii kwa kawaida ina mkono mdogo wa kuigeuza. Funga loki ya triga, geuza nozo nyuma mbele, elekeza bunduki kwenye ndoo ya taka, fungua loki, vuta triga mara moja. Uchafu unaruka. Funga loki, irudishe nozo ilivyokuwa, endelea. Ikikataa, usibishane nayo. Shusha presha yote kwanza, ndipo ufungue.

Kushusha presha si kuzima swichi tu. Ukizima, mpira bado umebeba nguvu ile ile, na triga ikiguswa inafyatua kama kawaida. Fanya hivi: zima, chomoa umeme, zungusha kitufe cha presha mpaka chini, elekeza bunduki ndani ya ndoo uvute triga mpaka rangi iishiwe nguvu, halafu fungua ile valvu ya kurudishia ili kilichobaki kirudi ndooni. Malizia kwa loki ya triga. Kama nozo imeziba kabisa na unashuku presha haijatoka, legeza nati ya kinga ya nozo polepole sana, mikono ikiwa pembeni, ipumue kwanza ndiyo uitoe. Zoea kufanya hivyo kila unapoiweka chini: ukienda kula, ukibadilisha nozo, ukisafisha, ukiitwa na mteja. Na ile kinga ya plastiki yenye mabawa mawili mbele ya nozo usiitoe eti inakuzuia kuona kona. Imewekwa pale ili kidole kisikaribie tundu.

Presha: anza chini, pulizia kwenye boksi lililosimamishwa ukutani. Utaona mpulizo una mikia miwili, juu na chini, rangi imejikusanya huko kama mistari. Ongeza kidogo, pulizia tena. Mikia ikipotea na mpulizo ukawa sawa kote, hapo hapo simama. Zaidi ya hapo unapata ukungu wa rangi unaopaa na kukurudia usoni, na nozo inalika haraka. Hakuna namba moja ya kukupa, inategemea uzito wa rangi na urefu wa mpira.

517: tarakimu ya kwanza zidisha mara 2, unapata upana wa mpulizo kwa inchi ukisimama sentimita 30 hivi. Kwa hiyo hiyo inapiga inchi 10. Mbili za mwisho ni ukubwa wa tundu: gawa inchi moja mara elfu, tundu ni sehemu 17 kati ya hizo. Hiyo ni nozo ya kuta na rangi ya maji. Kwa milango na rangi ya mafuta itamwaga rangi nyingi mno, itiririke kama machozi kila paneli. Tafuta 310 au 312, na uweke kichungi cha matundu madogo zaidi ndani ya mpini wa bunduki, la sivyo hizo nozo nyembamba zitaziba kila mara. Rangi yenyewe ichuje kabla, hata kama kopo ni jipya.

---

Kijana wa Upepo:

Mimi nilikuwa naongelea ya upepo mzee. Hiyo nyingine sijawahi kuishika.

---

Msasa 320:

Sawa kijana, ila hata kwenye upepo usimwelekezee mtu, wala usijipulizie nguo vumbi. Hewa ya kompresa inaweza kukuingia penye kidonda, na jichoni inarusha chembe.

---

Bi Praima:

Naongezea hapo kwenye chumba na barakoa, maana hilo swali limepitwa.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Utasikia harufu kwa sababu inapita. Unahitaji ile ya mpira yenye vichungi viwili vya mkaa kwa ajili ya mvuke, na juu yake kichungi cha chembe. Za mfumo wa Ulaya huandikwa A2P3 na zina bendi ya kahawia na nyeupe. Ukiivaa, ziba vichungi kwa viganja uvute pumzi: lazima barakoa ivutike usoni na ibaki hivyo. Ikipitisha hewa pembeni, haikukai. Wenye ndevu wanyoe, hakuna njia ya mkato. Ukimaliza, ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwani mkaa ukiachwa wazi juu ya meza unaendelea kunyonya mvuke na unakwisha bila wewe kuutumia.

Na uniambie kitu kimoja, Randa Butu: hiyo rangi inakuja na kopo la pili, hadena? Kama ndiyo, yote niliyosema juu ya vichungi hayatoshi. Hadena nyingi za rangi na vanishi ngumu zina kemikali iitwayo isosayaneti. Hiyo haikupi onyo la harufu, kwa hiyo huwezi kujua kichungi kimechoka, na mtu anaweza kupata pumu ya kazini. Mwili ukishaikataa, kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kukubana kifua. Wapulizaji wa magari hutumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Huko Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, mfanyakazi haruhusiwi kutumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya isosayaneti hizo mpaka apate mafunzo. Kwa chumba chenye dirisha moja, ningekushauri uiache.

---

Randa Butu:

Shikamooni wote. Nimesoma mara mbili. Rangi haina hadena, ni enameli ya kawaida, kopo moja. Nimeitazama nozo na kweli ina mkono wa kugeuza, nilidhani ni wa kubebea.

Sasa kuhusu chumba: nikiweka feni dirishani inayovuta hewa nje, inatosha? Na mashine iwe wapi?

---

Msasa 320:

Marahaba.

Feni ya kawaida usiiweke pale mvuke unapotokea. Mota yake inaweza kutoa cheche, na wewe umeifanya ivute mvuke wa thina upite katikati yake. Iweke upande wa mlango, nyuma yako, isukume hewa safi kuingia, na mvuke utoke wenyewe dirishani mbele yako. Hivyo pia ukungu unakwenda mbali na uso wako. Kama ni fremu tu ndizo hazitoki, basi milango ing'oe ukapulizie nje kwenye kivuli. Kwa kweli mimi ningeng'oa kila kinachong'oka. Nusu ya hatari inaisha hapo, na milango ikilazwa juu ya vigingi rangi haitiririki.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kwenda kukaa chini. Kwa hiyo usijidanganye kwa kunusa ukiwa umesimama. Ukiwa ndani: hakuna sigara, hakuna jiko linalowaka chumba cha pili, jokofu lichomolewe mapema, na swichi usiziguse ukishaanza. Taa kama unaihitaji iwe nje ya dirisha ikimulika ndani. Simu iache nje pia, utakuja kuijibu.

Mashine yenyewe iwe mbali na unapopulizia, mita 6 au zaidi, penye hewa. Ndiyo maana mpira ni mrefu. Ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ethi, na kama unatumia waya wa kuongezea uwe na nyaya tatu. Hiyo si kwa ajili ya shoti tu. Rangi ikipita kwenye mpira kwa kasi inazalisha umeme tuli, na umeme huo unatafuta pa kutokea. Unapopulizia thina kwenye ndoo wakati wa kusafisha, tumia ndoo ya chuma, iwe na waya wa ethi au ikae juu ya sakafu ya zege, isilale juu ya boksi au plastiki. Gusisha chuma cha bunduki kwenye ukingo wake muda wote unapovuta triga, na nozo uwe umeshaitoa ili thina itoke kama maji ya bomba, isiwe ukungu. Ndoo ya plastiki hapo hapana.

Kwenye mlango wenyewe: sentimita 30, si 15 ulizozoea kwa upepo. Mkono uanze kutembea kabla hujavuta triga, na uachie triga kabla hujasimama. Kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Kiwiko na bega vitembee pamoja, kiganja kisikunjike mwishoni, kwani ukikikunja katikati ya mlango panakuwa pazito na kingo zinakuwa kavu kama zimepakwa vumbi. Anza na kingo na mifereji ya paneli, nyuso pana zifuate.

---

Bi Praima:

Na vile vitambaa vya kufutia enameli asivirundike kwenye kona. Rangi na mafuta yanayokauka kwa hewa hutoa joto yakikauka, na rundo likishika joto huwaka lenyewe usiku watu wamelala. Avitandaze kimoja kimoja nje, au avitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

---

Randa Butu:

Swali la mwisho halafu nawaacha. Kazi ni ya siku kadhaa. Rangi inaweza kulala kwenye mpira mpaka asubuhi?

---

Msasa 320:

Enameli usiilaze. Itaanza kuganda kwenye kichungi na kwenye valvu, na asubuhi utatumia muda mrefu kuliko ambao ungesafisha jioni. Shusha presha, rudisha rangi kopo lake, pitisha thina ile ile ya rangi hiyo mpaka itoke safi, toa kichungi cha mpini ukioshe kwa brashi. Nozo usiichokonoe kwa waya wala msumari. Ukitanua tundu, mpulizo hautakaa sawa tena. Brashi laini na thina vinatosha. Na usipitishe dawa ya kubandulia rangi yenye methilini kloridi: zipo sehemu za aluminiamu ndani ya mashine nyingi, na viwili hivyo vikikutana chini ya presha vinaweza kulipuka.

Kabla ya kuanza kesho, unyooshe mpira wote chini uukague kwa macho ukiwa hauna presha. Usipitishe mkono juu yake ukitafuta panapovuja wakati mashine inafanya kazi. Tumia kipande cha boksi. Ukiona pamevimba, pamechubuka hadi nyuzi zimeonekana, au pamefungwa tepu na mtu kabla yako, usiutumie. Tepu haiwezi bar 200. Mngoje mwenyewe arudi, umwonyeshe, anunue mwingine.