Kupitisha data kwenye ukuta wa chuma wa meli bila kuutoboa

Mtunza Injini, Port Bell
Ndugu mafundi, natunza mitambo ya chombo cha mizigo hapa Ziwa Viktoria. Katika chumba cha mbele tumefunga kihisi kinachopima kina cha maji ya ngama (yanayojikusanya chini kabisa ya chombo) na kutuma vipimo kwa redio ya gigahezi 2.4 hadi chumba cha injini. Mlango wa chuma ukiwa wazi, vipimo vinafika vyote; ukifungwa, vinafika kwa kubahatisha, na nikikaza makomeo yote sita havifiki kabisa. Ukuta una unene wa milimita 10 na haturuhusiwi kuutoboa. Je, antena yenye nguvu zaidi itasaidia?

Fundi Redio, Kampala
Haitasaidia. Katika masafa hayo wimbi la redio hufifia ndani ya mikroni (elfu moja za milimita) chache tu za chuma, kwa hiyo hata ukiongeza nguvu mara mia halitafika upande wa pili. Vile vipimo vya kubahatisha havikupita ukutani. Vilipenya kwenye mpira unaozunguka mlango, kwa kuwa mpira hauzuii redio, na makomeo yalipoubana mwanya ukapungua. Tafadhali usije ukayalegeza kwa ajili ya data!

Mhandisi, Entebbe
Kinachopita vizuri kwenye chuma ni sauti. Bandika visahani viwili vya piezo (hugeuza umeme kuwa mtetemo na mtetemo kuwa umeme) vikitazamana, kimoja kila upande wa ukuta: kimoja kitetemeke kwa takriban megahezi 1, kingine kigeuze mtetemo huo kuwa umeme. Paruza kwanza rangi na kutu hadi chuma king'ae, kisha tumia gundi ya epoksi isiyo na viputo, maana utando wa hewa, hata mwembamba kama karatasi, huirudisha sauti karibu yote. Sauti huvuka milimita 10 za chuma kwa muda usiofika mikrosekunde 2, lakini mwangwi wake huendelea kwenda na kurudi ndani ya bamba na kuvuruga biti zinazofuata. Wanaotafuta megabiti kadhaa kwa sekunde huhangaika sana na mwangwi huo. Wewe unayetaka kipimo kimoja kwa dakika, tuma polepole, uuache utulie.

Fundi Umeme, Jinja
Kabla hujanunua visahani, taa ya chumba hicho inapata umeme kupitia wapi? Waya wake umekwisha kuvuka ukuta.

Mtunza Injini, Port Bell
Nimeufuata jana jioni kwa tochi. Unapita kwenye kizibo chenye matundu manne, na mawili hayana waya, yamejazwa mpira tu. Mkaguzi akikubali, kihisi cha ngama kitapata waya wake hapo, na visahani nitavijaribu kwenye tangi la maji ya kunywa, ambalo halina tundu la ziada.